Mwacheni Mzee Atoke Jasho

Mwezi huu safu yetu inatoka chumbani kwenu, inaenda sebuleni kwa wazee. Najua wengi wenu mna miaka 28, mna 35, mna mkopo wa benki na mtoto wa chekechea, na mkiona maneno "tezi dume" mnafunua ukurasa unaofuata mkidhani hizo ni habari za kina babu. Ngoja kwanza. Huyo babu ni baba yako, au ni baba mkwe wako, na siku hizi wanaompangia namna ya kuishi ni ninyi.

Hebu tutazame tunavyowapenda. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, anapewa kiinua mgongo (jina zuri kweli, maana mgongo wenyewe ndio kwanza unakwenda kuegemezwa), na watoto wanakaa kikao. Kaka mkubwa ananunua kochi lile la kulalia nyuma. Wa pili analeta televisheni pana na king'amuzi. Wa tatu anatuma hela ya kumlipa kijana wa kulima na kuchota maji. Binti naye anamtafutia mzee bodaboda wa kudumu wa kumpeleka kanisani au msikitini, mahali ambapo kwa mguu ni dakika 15 tu. Siku mzee akionekana ameshika jembe, majirani wanaulizana, "Kwani huyu hana watoto?" Aibu inatushika, jembe tunamnyang'anya. Mzee, pumzika bwana, umefanya kazi ya kutosha.

Mimi na heshima ya namna hiyo hatuelewani, na nitawaambia kwa nini.

Kuna utafiti mmoja ambao naona kila mwenye baba wa miaka 65 anastahili kuujua. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 51,000 wa fani za afya: madaktari wa meno, wafamasia, madaktari wa mifugo na wenzao, wote wa kati ya miaka 40 na 75. Walikuwa wanatumiwa maswali kwa posta kila baada ya miaka miwili: unakula nini, unatembea kiasi gani, unakimbia, unaogelea, umepatikana na ugonjwa gani. Mwaka 2005 Edward Giovannucci na wenzake walichapisha hesabu ya miaka 14 kwa wanaume 47,620 kati ya hao. Katika muda huo, 2,892 walikuwa wamepatikana na kansa ya tezi dume.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotosha. Mazoezi hayakuwazuia wanaume hao kuipata kansa. Ukijumlisha kansa zote, kubwa na ndogo, waliotoka jasho na wasiotoka hawakuachana sana. Tofauti ilikuja kwenye ile kansa mbaya, iliyokwisha kuvuka mipaka ya tezi, na kwenye ile inayoua. Na ilikuja kwa nani? Si kwa vijana wa miaka 45. Ilikuja kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea. Wale waliokuwa juu kabisa kwa mazoezi ya nguvu, ukiwaweka pembeni ya wale ambao hawakuyafanya kabisa, hatari yao ya kupata kansa iliyoendelea ilikuwa pungufu kwa kama theluthi mbili. Hatari ya kufa kwa kansa hiyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 74.

Rudia kuisoma hiyo. Tumezoea kuambiwa kwamba afya ni akiba, usipoiweka ujanani umekwisha. Hapa faida imeonekana uzeeni, umri uleule ambao sisi tunamletea mzee kochi.

Jambo la pili ni kasi. Waliposema mazoezi ya nguvu walikuwa na maana ya kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea, kucheza tenisi. Vitu vya kupandisha pumzi mpaka mtu anaongea kwa vipande. Mwaka 2011 Stacey Kenfield na wenzake walichukua wanaume 2,705 kutoka kundi hilohilo la Harvard, safari hii wale ambao tayari wana kansa ya tezi dume ambayo haijasambaa. Waliofanya mazoezi ya nguvu kwa saa 3 au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa kwa kansa hiyo iliyo pungufu kwa asilimia 61, ukilinganisha na waliofanya chini ya saa 1. Mwaka huohuo Erin Richman na timu yake waliangalia wagonjwa wengine 1,455: waliotembea haraka kwa saa 3 au zaidi kwa wiki, ugonjwa wao ulikuwa na uwezekano mdogo wa kuendelea, pungufu kwa asilimia 57, kuliko waliotembea polepole kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo ile ya mzee kuzunguka nyumba mikono nyuma, akisalimia kila mtu na kusimama kwenye kila baraza, ni nzuri kwa roho lakini haitoshi.

Nisije nikaonekana muuza dawa za mitishamba kwenye basi la Mbeya, niseme na upande wa pili. Tafiti hizi ziliwafuatilia watu tu, hazikuwagawa kwa kura. Mzee anayekimbia akiwa na miaka 70 pengine anakimbia kwa sababu mwili wake bado unampa nafasi, na yule ambaye kansa inamtafuna kimyakimya anakaa kwa sababu amechoka. Watafiti wanalijua hilo na walijaribu kulisawazisha, ila haliondoki lote. Halafu wale wa Harvard wengi wao sana walikuwa Wazungu wenye elimu na bima, wakati huko huko Marekani wanaume weusi wanakufa kwa kansa hii kwa kiwango cha kama mara mbili ya wenzao weupe. Hapa Tanzania nako, kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanaume.

Lakini upo pia utafiti uliogawa watu kwa kura. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, kilichapisha matokeo ya wanaume 52 ambao kansa yao ilikuwa bado tulivu, madaktari wanaiangalia tu bila kuitibu. Nusu yao walipandishwa kwenye mashine ya kukimbilia mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, vipindi vifupi vya kasi kisha kupumua. Nusu waliendelea na maisha yao ya kawaida. Mwisho wa wiki hizo, PSA ya waliokimbia ilikuwa chini ukilinganisha na ya wenzao, na damu yao ilipojaribiwa maabara kwenye seli za kansa, seli zile zilikua kwa unyonge zaidi. Wanaume 52 si wengi, sawa. Ila hapo huwezi tena kusema ni kwa sababu wao walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo.

Tezi dume yenyewe, kwa ambao mlikuwa mnakwepa kipindi cha bailojia, ipo chini ya kibofu cha mkojo, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya mbegu za kiume. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo. Umri ukienda huwa inatanuka, mzee anaanza kuamka usiku mara nne, mkojo unakuja kwa kudonadona. Kutanuka huko peke yake si kansa, na wazee wengi sana wanakuwa nako. Kansa, kinyume chake, mwanzoni haisemi kitu. Haiumi. Ikija kusema, mara nyingi inasemea mgongoni na nyongani, imeshafika kwenye mifupa.

Hivyo ndivyo ilivyosema kwa baba yangu mkubwa.

Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro, na sasa ana miaka 71. Ni kizazi cha mchakamchaka, kile cha kukimbia alfajiri na nyimbo kabla ya darasa, halafu JKT ya lazima enzi zile kabla haijasimamishwa mwaka 1994. Mpaka anastaafu alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli. Kisha yakaja mapenzi ya watoto, kochi na king'amuzi na kijana wa shamba. Sisemi kochi ndilo lililompa kansa, hakuna daktari atakayewaambia hivyo. Ninachosema ni kwamba miaka minane baadaye, alipoanza kulalamika mgongo, kila mtu alidhani ni kochi hilo, akanunuliwa mto. Vipimo vilipokuja kufanyika ilikuwa imefika kwenye mifupa ya nyonga.

Akaanzishiwa sindano za kuzuia homoni ya kiume, maana kansa hii kwa kawaida inajilisha kwa homoni hiyo. Sindano zinasaidia sana, lakini zina bei yake, na si ya shilingi tu. Misuli inapungua, tumbo linaongezeka, mifupa inakuwa dhaifu, joto linampanda ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi, uchovu haumwachi, na hamu ya tendo la ndoa inakwenda zake. Watoto wakafanya kile wanachokijua: wakaongeza mto wa pili.

Aliyewakatalia alikuwa daktari wake, mama mmoja mfupi mkali. Aliangalia picha za mifupa, akahakikisha ipo sehemu gani dhaifu ili asije akavunjika, akamkataza kunyanyua vitu vizito vya kumkunja kiuno, halafu akamwambia mzee kila siku atembee mpaka jasho limtoke. Na mara mbili kwa wiki afanye kazi ya misuli: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, apumzike, arudie, kusukuma ukuta, kuvuta mpira wa baiskeli uliofungwa mlangoni. Binamu zangu walikasirika. Mgonjwa wa kansa anafanyishwa mazoezi kama askari! Mama mkubwa yeye hakubishana na mtu. Alivaa raba za mjukuu wake, akamfuata mzee barabarani.

Wanatoka saa 12 asubuhi, mpaka darajani na kurudi. Wiki za kwanza mzee alikuwa anasimama kila baada ya nguzo tatu za umeme. Siku hizi mama mkubwa ndiye anayelalamika kwamba anaachwa nyuma. Kansa ipo, sindano zinaendelea, hakuna aliyemwambia mtu kwamba amepona. Lakini anajifunga viatu mwenyewe, anapanda ngazi za zahanati mwenyewe, na siku moja mama mkubwa aliniambia jikoni, sauti chini, kwamba barabarani ndiko wanakoongea. Miaka 44 ya ndoa, na mambo ya hofu yake, ya kifo, ya chumbani, mzee hakuwahi kuyasema wakiwa wamekaa wanatazamana. Wakitembea wote wanatazama mbele, anayasema.

Na hilo la chumbani msilipuuze, maana ndilo linalowafanya wanaume wengi waogope tiba kuliko ugonjwa. Huko Perth, Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan walichukua wanaume 57 walio kwenye tiba hiyohiyo ya homoni. Waliopewa mazoezi ya misuli na ya pumzi kwa wiki 12 waliongeza nguvu na misuli, na katika taarifa iliyotoka mwaka 2013 ilionekana pia kwamba waliendelea na tendo la ndoa kwa kiwango kilekile walichoanza nacho, wakati kwa wale wasiofanya lilishuka. Wake wa wagonjwa, mmesikia. Raba si mapambo.

Kwa nini jasho lifanye kazi zote hizo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba misuli inayofanya kazi inapunguza insulini na vichocheo vingine vya ukuaji vinavyozunguka kwenye damu, inatuliza uvimbe wa ndani, na inapunguza mafuta ya tumboni. Unene wa kupindukia umeonekana mara nyingi kuandamana na kansa kali za tezi dume, kwa hiyo hata kitambi kile tunachokiita cha heshima si cha heshima sana.

Watu wakinitajia uzee na mazoezi huwa namkumbuka Nelson Mandela. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba gerezani, ndani ya chumba kidogo cha Robben Island, alikuwa anakimbia palepale aliposimama mpaka dakika 45, anapiga pushapu 100 na kuinua tumbo mara 200. Mwaka 2001, akiwa na miaka 83, alipatikana na kansa ya tezi dume. Alitibiwa kwa mionzi, tena dunia nzima ikiambiwa, akaishi mpaka Desemba 2013, miaka 95. Pushapu hazikumkinga na kansa, na aliyemtibu ni mionzi. Ila mwili ulioingia kwenye tiba ulikuwa mwili uliofanyishwa kazi.

Hapa kwetu Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na Ikulu ikatangaza waziwazi. Nakumbuka wiki ile hata kwenye daladala wanaume walikuwa wanataja tezi dume kwa sauti. Linganisha na Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani: alifanyiwa upasuaji wa kansa hiyo Desemba 2023 akaficha hata bosi wake, Rais Biden, hakujua mpaka Januari 2024. Mtu aliyekuwa na jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani aliona haya kusema tezi dume! Sasa baba yako wa Singida utamlaumu?

Basi tufanyeje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wa miaka 65 na zaidi dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake yakiwa ya nguvu, pamoja na kazi ya misuli siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kutoyumba siku 3 ili mzee asianguke. Gym ya Masaki haihitajiki. Jembe linatosha, kilima kinatosha, baiskeli yake ya zamani mpelekeeni fundi. Mwenye presha, kisukari au moyo aanze kwa daktari, na akianza apandishe kidogokidogo; maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame hapohapo. Kama mnaishi Dar, vile vikundi vya kukimbia vya mitaani vyenye fulana za rangi moja havikatai wazee, nimeona wenye mvi wakiwaburuza vijana kule Temeke.

Msimwambie mzee "fanya mazoezi", atawacheka. Mpeni safari. Mjukuu apelekwe shule na babu kwa mguu. Shamba lirudi mikononi mwake, yule kijana abaki wa kusaidia. Hela ya bodaboda mnunulieni viatu vizuri. Na ninyi wenyewe mkienda kumsalimia Jumapili, badala ya kumkuta sebuleni mkala wali mkaondoka, mtoeni mtembee naye nusu saa, kwa mwendo wa kupandisha pumzi. Nawahakikishia wengine mtatangulia kuchoka ninyi.

Mazoezi hayabadilishi kupima, naomba hilo lisichanganywe. Mwanaume azungumze na daktari kuhusu kupima tezi dume akifika miaka 50. Kwetu sisi watu weusi, na yeyote ambaye baba au kaka yake amewahi kuugua, wengi wanashauri 45. Baba akiwa ameugua, hatari ya mwanawe ni kama maradufu, kwa hiyo wewe kaka wa miaka 38 usifunike ukurasa. Kipimo cha kwanza, PSA, ni damu tu ya mkononi. Kile cha kidole mnachokifanyia utani vijiweni kinachukua chini ya dakika moja, na daktari ndiye anayeamua kama kinahitajika. Halafu kichekesho kidogo kwa safu ya mazoezi: siku 2 kabla ya kutolewa damu ya PSA, mzee asiendeshe baiskeli, asifanye mazoezi makali, wala asikutane na mama, kwa sababu vyote vinaweza kupandisha namba bure.

Wakwe wa kike mmekuwa mkiniuliza, mtu anamwambiaje baba mkwe habari kama hizi? Humwambii. Kwa mila zetu nyingi hilo si lako, na si lazima uwe shujaa. Mwambie mumeo, na mumeo akishindwa, mtafuteni rafiki wa mzee wa rika lake, yule wa bao na kahawa, au shemeji yake anayetaniana naye. Wazee wanasikilizana. Kazi yako wewe inaweza kuwa ndogo tu: Jumamosi, kabla jua halijawa kali, muulize mama mkwe kama raba zake namba ngapi.